Jezi za pinki mwezi wa Oktoba: pesa zinaishia wapi, na mbona ugonjwa mmoja tu?

katibu_wa_klabu

Salaam aleikum, na hamjambo wote. Swali langu ni kwa wanaojua michezo na wanaojua michango, maana hapa mambo hayo mawili yamegongana.

Klabu ya ligi ya kaunti hapa Mombasa inataka kuvaa jezi za pinki katika mechi nne za Oktoba, mwezi wa kampeni ya saratani ya matiti, na kuwauzia mashabiki jezi hizo hizo kwa KSh 1,500. Hesabu ya awali ni jezi 300. Rasimu ya bango yasema: "Sehemu ya mapato itasaidia vita dhidi ya saratani ya matiti."

Kamati imetoka vipande vitatu. Wa kwanza wasema pinki inajulikana dunia nzima, jezi zitauzika, tusijichoshe. Wa pili wauliza kwa nini tuige Oktoba ya watu ilhali watoto wetu wa Pwani wanaumwa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) na hakuna wa kuwavalia hata soksi. Wa tatu, kwa kuogopa lawama, wataka pesa zigawiwe sawasawa kwa maradhi matano: matiti, mlango wa kizazi, tezi dume, selimundu na kisukari.

Haki hapa ni ipi? Bango liandikwe vipi mtu asije akasema tumekula? Mweka hazina ataka pia tupime watu presha na sukari langoni bure. Na je, kuna ruhusa za kuomba?

---

Mizani_Tudor

Katibu, kabla hamjabishana kuhusu ugonjwa, futeni neno "sehemu" kwenye bango. Hilo neno ndilo linalokula pesa, tena bila ya mtu kuiba.

Tuseme kitambaa, uchapaji na ushonaji ni KSh 850 kwa jezi, na muuzaji pamoja na usafirishaji ni 150. Zinabaki 500. Mkisema "asilimia 10 ya faida", ni shilingi 50 kwa jezi, yaani 15,000 kwa jezi 300. Mkisema "asilimia 10 ya bei", ni 150 kwa jezi, yaani 45,000. Asilimia ni ile ile, jezi ni ile ile, tofauti ni mara tatu. Mkisema "sehemu", hata shilingi tano ni sehemu, na hakuna aliyedanganya.

Ligi ya NFL, ya kandanda ya Kimarekani, ilianza Oktoba yake ya pinki mwaka 2009 pamoja na American Cancer Society. Haikupita miaka mingi watu wakaanza kuuliza: kofia ikiuzwa, duka lina lake, kiwanda kina chake, ligi ina yake, huyo mgonjwa anapata kiasi gani cha bei niliyolipa? Ligi ikajibu kwamba yenyewe haitafuti faida kwenye kampeni hiyo. Huenda ni kweli, lakini mnunuzi hakuuliza faida ya ligi, aliuliza shilingi yake imekwenda wapi. Hayo ni maswali mawili mbalimbali, na bango lenu lijibu la pili.

Andikeni hivi: "KSh 200 kwa kila jezi itakayouzwa zitakwenda kwa (jina la kliniki au mfuko) kwa ajili ya (kitu kimoja kinachotajwa). Kiwango cha chini ni KSh 40,000. Malipo kabla ya tarehe 15 Novemba. Risiti itabandikwa langoni." Na msione haya kuongeza kwamba KSh 300 zinabaki kwa klabu. Shabiki hachukii klabu kupata. Anachochukia ni kufichwa.

Sasa penye shimo. Mkichapa 300 na kuuza 200 tu, mapato ni 300,000. Uchapaji wa zote 300 umekula 255,000, mauzo yamekula 30,000, mkononi mna 15,000, na mmeahidi 40,000. Klabu inaingia hasara ya 25,000, na hapo ndipo kampeni nyingi huanza "kuazima" za mchango zilipe mshonaji. Jezi zinazobaki huwa ni saizi zisizo na wateja, hasa XXL na zile ndogo za kati ya mtoto na mtu mzima. Chukueni oda kabla, na rubuni ya 500 na saizi iandikwe. Chapeni 150 za mwanzo, mkiona zinakwenda mchape nyingine.

Pesa zisiingie kwenye simu ya mtu, hata akiwa ni sheikh. Chukueni Paybill ya M-Pesa, si Till, kwa sababu moja tu: Paybill ina nafasi ya namba ya akaunti. Mtu wa jezi aandike JEZI, mtu wa mchango mtupu aandike MCHANGO, kiingilio kiandikwe LANGO. Mwisho wa mwezi taarifa inajitenga yenyewe, bila kukisia. Watia saini watatu, wawili ndio watoe. Amueni mapema ada ya muamala inakatwa kwa nani, la sivyo jumla ya mwisho haitakaa sawa na ile mliyotangaza, na mtaanza kushukiwa kwa shilingi mia nane.

Ruhusa: kukusanya michango hadharani Kenya kuna sheria yake, ile ya Michango ya Umma, Sura ya 106, na inahusu leseni. Kuuza jezi ni biashara, hiyo ni kando. Ila ndoo ikishapita jukwaani, mmeingia kwenye mchango wa umma. Ulizeni ofisi ya serikali ya kaunti ndogo yenu mapema, si wiki ya mechi.

---

Dawa_na_Kinga

Mizani kamaliza ya hesabu, mimi nashika la ugonjwa.

Kugawa sawa kwa watano si haki, ni woga. KSh 200 kwa jezi 300 ni elfu sitini; gawa kwa tano, ni 12,000 kila mmoja. Kumi na mbili elfu kwa "kisukari" hainunui kitu kinachoanza na kuisha. Inanunua bango jingine.

Mnapochagua, msiulize tu nani anakufa zaidi. Ulizeni pia shilingi yenu inanunua nini hasa, na mnyororo umekatikia wapi. Tazameni mfano huu. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la WHO kwa Kenya mwaka 2020: saratani ya matiti wagonjwa wapya kama 6,800, ya mlango wa kizazi kama 5,200. Ukitazama hapo, pinki imeshinda. Sasa tazama vifo: mlango wa kizazi kama 3,200, matiti kama 3,100. Wagonjwa wachache, vifo vingi zaidi. Na hii ndiyo inayozuilika.

Inazuilika kwa chanjo ya HPV, virusi vinavyoileta, ambayo kampeni yake ya taifa ilizinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Na inanaswa mapema kwa siki. Naam, siki. Muuguzi aliyefunzwa anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, sehemu yenye mashaka inageuka nyeupe. Mara nyingi inatibiwa siku ile ile kwa kuigandisha au kuichoma kwa joto, kabla haijawa saratani. Kipimo hiki kinafaa wanawake wa miaka 25 hadi 49. Baada ya hapo ile sehemu inayotazamwa hurudi ndani ya mfereji, macho hayaifikii, na jibu la "hakuna kitu" haliaminiki. WHO iliweka lengo la 90-70-90 kufikia mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wamechanjwa kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena 45, asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wametibiwa.

Sisemi matiti yaachwe. Nasema kwa matiti tatizo la Mombasa si mwanamke kutojua kwamba uvimbe ni hatari. Anajua. Anakwama kati ya uvimbe na jibu: nyama ikatwe kwa sindano, ipelekwe maabara, arudi kuchukua jibu, aende hospitali kuu ya Makadara, aambiwe njoo Alhamisi. Kila njoo ni nauli kutoka Jomvu, au Likoni kwa feri na matatu, na siku ya kibarua iliyopotea. WHO yenyewe, katika mpango wake wa matiti wa 2021, iliweka siku 60 kuwa mwisho kati ya mgonjwa kufika kituoni na jibu kamili. Jezi ya pinki haipunguzi hata siku moja kati ya hizo 60. Mfuko wa nauli na malipo ya maabara unapunguza.

Kwa hiyo chaguo lenu la kwanza, pinki, linaweza kuwa la haki kabisa, kama pesa zitakwenda kwenye nauli na jibu la maabara badala ya kwenda kwenye "uhamasisho". Uhamasisho mnao bure: ni uwanja, kipaza sauti na migongo ya wachezaji kumi na mmoja.

---

Bahari_Michezo

Naunga mkono upande wa pili wa kamati, na sababu yangu ni ya kimichezo, si ya huruma.

Selimundu imewahi kugusa michezo ya kulipwa kwa njia ambayo saratani ya matiti haikugusa. Mwaka 2007 Ryan Clark, beki wa Pittsburgh Steelers ya NFL, alicheza Denver, mji ulio kama mita 1,600 juu ya bahari. Yeye si mgonjwa, ni mbebaji: ana jeni moja tu. Wengu ulikosa damu, ukaharibika, ukatolewa pamoja na mfuko wa nyongo. Alirudi uwanjani msimu uliofuata, lakini mechi ya mchujo ya Januari 2012 ilipopangwa Denver, kocha alimzuia kucheza. Mwaka huo huo Clark akaanzisha kampeni yake ya selimundu. Kabla yake, 2006, Dale Lloyd wa Chuo cha Rice alianguka mazoezini akafa, naye alikuwa mbebaji. Kuanzia 2010 vyuo vya daraja la kwanza vya Marekani vikaanza kudai wachezaji wapimwe.

Sasa toka Denver uje kwetu. Nairobi iko juu kuliko Denver. Kericho iko juu kuliko Nairobi. Timu ya Mombasa yatoka usawa wa bahari, yalala ndani ya basi, yacheza saa tisa. Kwa mbebaji madhara haya ni nadra, tusitie watu hofu, na wengi hucheza maisha yao yote bila kujua. Lakini kocha anayejua hampi adhabu ya kukimbia raundi kumi mchezaji anayelalamika mapaja yanamkaza bila ya kuvimba. Anamkalisha, anampa maji, anamtazama. Hapo kampeni inamfaa mchezaji mwenyewe anayeivaa, si kupamba kifua tu.

Na kwa watoto wenye ugonjwa wenyewe, dawa ipo. Utafiti uliofanywa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa kituo kimojawapo, ulitoka mwishoni mwa 2018. Watoto 606 walipewa haidroksiyurea. Vipindi vya maumivu vikapungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua. Kilifi si Ulaya, shekhe. Ni safari ya matatu.

---

Dawa_na_Kinga

Bahari, nakubali yote isipokuwa nakuombea kitu kimoja: mtu asije akasema "basi tupime selimundu langoni". Kile kipimo rahisi cha damu kugeuka ukungu ndani ya kichupa hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Wote wawili huonyesha ndiyo. Mtu anaondoka uwanjani akidhani ana ugonjwa, au mama anaambiwa mtoto ni mbebaji tu kumbe ni mgonjwa. Kwa watoto wachanga hata hakifai, kwa sababu damu yao bado ina hemoglobini ya tangu tumboni mwa mama. Jibu la kutegemewa ni la maabara inayotenganisha aina za hemoglobini. Na jibu lazima lije na mtu wa kulieleza: wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Kila mimba. Si kwamba mmoja akishaugua watatu wanaofuata wako salama. Kosa hilo limevunja nyumba za watu.

Mkienda upande huo, pesa zilipie kitu kinachoisha: haidroksiyurea ya miezi kumi na miwili kwa watoto mnaoweza kuwabeba mwaka mzima, pamoja na vipimo vya damu vya kufuatilia, kwa sababu dozi ikizidi hushusha chembe nyeupe. Watoto wanane kwa mwaka ni bora kuliko arubaini kwa miezi miwili. Dawa hii ikikatizwa, faida nayo inakatika.

---

Mwamuzi_Mvita

Nitasema la uwanjani tu.

Kanuni ya 4 ya mchezo: mavazi yasiwe na maandishi wala picha za kisiasa, kidini au za binafsi. Nembo ya kampeni kwa kawaida hupita ikiwa imekubaliwa na wasimamizi wa ligi. Andikeni barua kabla, muambatanishe picha ya jezi mbele na nyuma. Msitegemee mwamuzi wa siku awaonee huruma.

Makosa yanayotokea zaidi ni madogo. Rangi za timu mbili lazima zitofautiane, na pinki ikikutana na nyekundu iliyofuliwa ikapauka, jioni jua likiwa limeshuka, huoni tofauti. Pelekeni rangi kwa wapinzani wote wanne mapema na kila mechi mbebe seti ya pili. Kipa awe tofauti na timu zote mbili na waamuzi. Mikono ya fulana ya ndani ifanane na rangi ya mkono wa jezi. Utepe unaofungwa juu ya soksi ufanane na soksi, kwa hiyo tepu ya pinki juu ya soksi nyeusi hairuhusiwi hata kama nia ni njema. Na wachezaji waambiwe: kuvua jezi kushangilia bao ili ujumbe wa fulana ya ndani uonekane ni kadi ya njano, na ule ujumbe nao ni kosa jingine.

NFL iliwatoza faini watu wenye nia safi kabisa. Mwaka 2015 William Gay alivaa viatu vya zambarau kukumbusha ukatili wa majumbani, mama yake aliuawa hivyo. Cameron Heyward aliandika chini ya macho jina la utani la babake aliyekufa kwa saratani. Wote wawili wakatozwa. Mwaka uliofuata ligi ikafungua wiki maalumu ya wachezaji kuvaa viatu vya jambo wanalolichagua wenyewe. Somo kwa katibu: mkiwa na mchezaji ambaye mzazi wake ana ugonjwa mwingine, mtengenezeeni nafasi halali, mathalani kitambaa cha nahodha kwa mechi moja, kabla hajaitengeneza mwenyewe.

---

mpinzani_Kizingo

Naona wote mwaenda na vifo na takwimu kama kwamba haki ni mizani ya samaki sokoni. Mchezo wa ndoo ya barafu wa 2014, watu kujimwagia maji ya barafu na kuchanga, ulikuwa wa ALS, ugonjwa wa neva unaowapata wachache. Kwa hesabu ya Dawa_na_Kinga usingestahili hata senti. Ulikusanya dola milioni 115 kwa chama cha ALS cha Marekani peke yake. Wachezaji walikuwa mstari wa mbele, na mmoja wa walioueneza, Pete Frates, alikuwa nahodha wa besiboli wa chuo aliyekuwa mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa huo Wamarekani waliuita kwa jina la mchezaji, Lou Gehrig, tangu 1939. Mtu hutoa kwa jina na kwa uso. Mwambieni atoe kwa jedwali, hatoi. Kutoa ni moyo, leso zetu zimeandika hivyo tangu zamani.

Na jingine. Tazameni jukwaani. Wanaume watupu. Mwawauzia wanaume jezi ya matiti, halafu mwashangaa hakuna mwanamke aliyekwenda kupimwa. Movember, kampeni ya kufuga sharubu Novemba, ilianza Melbourne 2003 kama mzaha wa marafiki, mwaka uliofuata ikageuzwa mchango wa afya ya wanaume: ujumbe wa wanaume, sharubu za wanaume.

---

Mizani_Tudor

Mpinzani, mfano wako mzuri, na ndio unaonipa hoja. Chama cha ALS kilitoboa hesabu wazi: kati ya milioni 115, asilimia 67 utafiti, 20 huduma kwa wagonjwa, 9 elimu, 2 gharama za kuchangisha, 2 ada za kupokea malipo. Jumlisha, ni mia kamili. Mwaka 2016 watafiti waliofadhiliwa na pesa hizo walitambua jeni ya NEK1. Fedha kiasi zilikwenda pia kwenye dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ikaondolewa sokoni 2024 baada ya jaribio kubwa kuonyesha haisaidii. Hata hilo la mwisho si aibu. Utafiti ndivyo ulivyo, na mchangaji alionyeshwa wazi kwamba pesa zimekwenda kwenye utafiti.

Kuhusu uso wa mtu, tahadhari. Mikanda ya njano ya Livestrong ilianza 2004, dola moja kila mmoja, ikauzwa mamilioni kwa mamilioni. Ilisimama juu ya jina la mwendesha baiskeli mmoja. Lance Armstrong alipovuliwa ushindi wake 2012 kwa dawa za kuongeza nguvu, mfuko ukayumba pamoja naye, Nike ikajitoa, na wagonjwa hawakuwa na kosa lolote. Wekeni uso wa kliniki au wa muuguzi, straika aje apige picha tu.

Na kuna mfano wa kugeuza mkondo wenyewe. Barcelona 2006 iliweka UNICEF kifuani na, badala ya kulipwa na mdhamini, klabu ndiyo iliyolipa: euro milioni 1.5 kwa mwaka kwa miaka mitano, kwa watoto walioguswa na VVU. Hapo huwezi kuuliza asilimia ngapi imefika. Imefika yote, imetoka mfukoni mwa klabu.

---

Dawa_na_Kinga

La wanaume jukwaani nalikubali bila kubisha. Lakini sharubu zisiwapeleke kwenye kupima tezi dume ovyo. Kipimo chake cha damu, PSA, hupanda kwa tezi iliyovimba tu, kwa maambukizi, hata kwa kuendesha baiskeli masafa marefu, na mzee akishaona namba kubwa hana usingizi. Kinataka mazungumzo na daktari kwanza.

Mwanaume wa jukwaani mpeni kazi mbili. Moja, yeye ndiye anayeshika nauli ya nyumba nyingi, kwa hiyo ujumbe wake uwe: mke, mama au dada akisema ana uvimbe, nauli itoke wiki hii. Mbili, mpimeni presha. Ila si vile mweka hazina anavyofikiria.

Presha ya langoni huharibika kwa sababu ya haraka. Mtu amepanda tuktuk, amegombana na kondakta, amevuta sigara, amekunywa kahawa tungu, anakaa dakika sifuri, mnamfunga mashine juu ya shati. Mtapata 150 na kitu kwa nusu ya jukwaa. Fungueni kituo saa mbili kabla ya mechi, kifungwe filimbi inapolia. Viti vyenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono wazi umelala mezani usawa wa moyo, dakika tano kimya, dakika thelathini tangu sigara au kahawa. Vipimo viwili, dakika moja kati. Ukanda mpana uwepo kwa wenye mikono minene, maana mdogo hukuza namba. Ikiwa 140/90 au zaidi, apewe kikaratasi cha kurudia kliniki siku nyingine, asiambiwe "una presha". Ikiwa 180/120 na kifua kinauma, kichwa kinapasuka au ulimi mzito, huyo ni wa gari sasa hivi.

Sukari ya kidole acheni. Watu wameshakula viazi karai na juisi ya miwa nje ya lango, na namba ya baada ya kula haikwambii mengi isipokuwa imefika 11.1 na mtu ana dalili. Vijiti ni ghali, sindano zataka sanduku lake la taka, na jibu halisaidii.

---

Bahari_Michezo

Kuwafikia kina mama kuna njia ya Kimombasa kabisa: leso. Ujumbe wa kampeni uwe ndio jina la leso, ichapwe kwa wafanyabiashara wa Biashara Street, iuzwe pea. Jezi huvaliwa Jumamosi, leso huvaliwa jikoni, kliniki, arusini, inambebea mtoto. Ujumbe wa leso hukaa miaka. Maandishi tu yawe ya leso kweli, mafupi yenye mafumbo, si "Pima mapema kwa afya bora". Leso kama hiyo hainunuliwi na mtu.

---

katibu_wa_klabu

Ahsanteni sana. Rasimu mpya, naomba mniparurie:

"Jezi ya Oktoba, KSh 1,500. KSh 200 kwa kila jezi zinalipia nauli na majibu ya maabara kwa wanawake wenye uvimbe wa titi waliopewa rufaa na kliniki yetu. Si chini ya KSh 20,000. KSh 300 zinabaki klabuni. Malipo kabla ya 15 Novemba, risiti langoni." Oda kwa rubuni, chapa ya kwanza 150. Pesa za LANGO za mechi ya mwisho zote ziende kwa haidroksiyurea ya watoto, mwaka mzima, kwa idadi itakayotosha. Presha ndiyo, sukari hapana.

---

Mizani_Tudor

Vizuri kushusha kiwango cha chini hadi 20,000, maana kwa jezi 150 ahadi kamili ni 30,000 na mna nafasi ya kupumua. Mawili tu. "LANGO zote" ni kabla ya kutoa malipo ya waamuzi, gari la wagonjwa na ulinzi, au baada? Andikeni. Na kliniki isipewe pesa taslimu ya nauli kwa mkupuo. Ilipwe kwa daftari: tarehe, alikotoka mgonjwa, kiasi, sahihi, bila jina wala ugonjwa wake kwenye nakala inayobandikwa langoni.

---

Mwamuzi_Mvita

Na tangazo msilisome mapumziko. Wakati huo watu wako vyooni na kwenye foleni ya mihogo. Lisomwe timu zinapojipanga kabla ya filimbi ya kwanza, sentensi tatu, na namba ya Paybill itajwe mara mbili polepole.